Biscotto, biscotti, biskuti: nani kamzaa nani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nahudumia meza katika mgahawa mmoja hapa Malindi, na wateja wetu wengi ni Waitaliano. Wao huita biscotti kila kitu kikavu cha kulia chai, hata biskuti za paketi za dukani. Lakini watalii wa Kimarekani wakiagiza biscotti wanataka ile ndefu, ngumu, yenye lozi, na wakiletewa nyingine wanairudisha. Tajiri wangu anasema biskuti ni neno la Kiitaliano tuliloazima. Mpishi anabisha, anasema ni la Kireno na lilishuka na Vasco da Gama. Halafu juzi mzee mmoja wa Kiitaliano alikuwa akitazama mpira kwenye televisheni, akapiga meza na kupayuka, "Biscotto! Biscotto!" Nikamkimbilia na sahani, akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Neno hili lina maana ngapi? Na kati ya tajiri na mpishi, nani mkweli?

Jibu: Marahaba mwanangu. Tajiri kakosa na mpishi kakosa, ila wote wawili wamekosea karibu na ukweli, ndiyo maana jibu langu litakuwa refu. Mzee wa mpira mwache angoje, nitamfikia.

Tulipasue neno kwanza. Biscotto ina vipande viwili, bis na cotto. Bis ni Kilatini, maana yake mara mbili. Hata leo mwimbaji akiwakuna Waitaliano, hupiga kelele "Bis!" wakitaka arudie. Ni ndugu wa ile bi iliyo mwanzoni mwa baisikeli, chombo cha magurudumu mawili. Kipande cha pili, cotto, kimetoka kwenye kitenzi cha Kilatini coquere, kupika. Kilichokwisha kupikwa kiliitwa coctus, na ulimi wa Kiitaliano ukaona c na t kukaa pamoja ni taabu, ukazifanya t mbili. Ukishakijua kipande hiki utaanza kukiona kila mahali kwenye menyu yenu. Ricotta ni "iliyopikwa tena", kwa sababu hupatikana kwa kuchemsha upya yale maji yanayobaki jibini ya kwanza ikishatolewa. Panna cotta ni malai yaliyopikwa. Prosciutto cotto ni paja la nguruwe lililopikwa, tofauti na crudo ambalo halikuona moto. Na vigae vya terracotta ni udongo uliopikwa, basi.

Kuna jambo moja kuhusu coquere ambalo Mswahili hulishika upesi kuliko Mwingereza. Kwa Warumi kitenzi hicho kilikuwa cha jikoni na cha shambani pia: moto uliipika nyama, na jua likalipika tunda mtini. Mwingereza ana kitenzi kimoja cha chungu na kingine cha embe. Sisi tunasema nyama imeiva, tunasema embe limeiva, wala hatuoni ajabu. Kwa hiyo ukitaka kumweleza mtu wa kwenu maana ya biscotto bila kuzunguka, mwambie ni kilichoiva mara mbili.

Kilichoiva nini? Mkate. Hapa ndipo wengi hupitwa. Zamani neno hili halikuwa jina la kitu, lilikuwa sifa ya kitu. Kilatini cha zama za kati kilisema panis biscoctus, mkate uliookwa mara mbili. Watu walipozoea, wakauangusha ule mkate na kubaki na sifa peke yake, nayo sifa ikajivika kazi ya jina. Mambo haya hata kwetu yapo. Maandazi yametokana na kuandaa. Mahamri yamebeba jina la ule uchachu wa hamira. Mkate wenyewe, ukiutazama vizuri, ni kitu kinachokatwa. Mapishi mengi hubatizwa kwa yale yaliyoyapata mikononi mwa mpishi, kisha baada ya vizazi viwili vitatu hakuna anayekumbuka ubatizo. Mtu anakula andazi, haandai chochote.

Sasa, kwa nini mkate uokwe mara mbili? Kwa ajili ya safari. Mkate wa kawaida una maji ndani yake, na penye maji ndipo ukungu unapopata makao. Siku nne tano, umekwisha. Ukiukata na kuurudisha kwenye tanuri la moto wa polepole, maji yanatoka, unabaki mwepesi, mkavu, mgumu kama kigae, na ukihifadhiwa pakavu unakaa miezi. Usitie siagi wala mafuta, maana mafuta yanavunda hata bila maji. Unga, maji, na chumvi kidogo ukipenda, ndiyo ilikuwa biskuti ya kwanza. Hapana sukari, hapana lozi, hapana raha yoyote. Adui yake alikuwa fukusi, na mabaharia wa zamani walizoea kuigonga mezani kabla ya kuitia mdomoni ili wadudu waanguke.

Warumi walikuwa nayo kabla neno biscotto halijazaliwa. Askari wao walipewa mkate mkavu ulioitwa bucellatum, kutoka bucella, tonge dogo. (Kama jina hilo linakugusa mahali, ni kwa sababu kaimati za kwenu zimetembea njia hiyohiyo kwa upande wa Kiarabu: luqaymat ni vitonge vidogo. Na mjini Lucca na kisiwani Sicilia bado wanaoka kitu kiitwacho buccellato, ingawa siku hizi ni kitamu na askari wa Kirumi asingekitambua.) Plinius, yule Mrumi aliyeandika juu ya kila kitu katika karne ya 1, anautaja mkate wa mabaharia uliosagwa na kupikwa tena, lakini anautaja kama dawa ya kufunga tumbo la kuhara. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu kuna hadithi inayozungushwa kwamba Plinius alizisifu biscotti kuwa zingelika karne na karne. Alichokiandika ni habari za tumbo.

Wagiriki nao waliuita mkate huo dipyros, uliopita motoni mara mbili. Wajerumani wakalitafsiri wazo zima kwa maneno yao, wakapata Zwieback, "kuokwa mara mbili". Waholanzi walilichukua neno hilohilo lenye asili ya Kilatini na kulisaga mpaka likawa beschuit. Unaona kwamba kila taifa lenye meli au jeshi lilihitaji kitu hiki, na karibu kila moja likakipa jina la namna kinavyotengenezwa. Waarabu na Waturuki ndio walioshika njia nyingine: buqsumat na peksimet zao zimetoka kwa Wagiriki pia, kwenye neno paximadi, ambalo linahusishwa na mtu aitwaye Paxamos aliyeandika habari za mapishi.

Venice ndiko neno lilikopata heshima yake. Jamhuri ile iliishi kwa meli, na karibu na karakana yake kuu ya meli, ile Arsenale, palikuwa na majiko ya serikali upande wa San Biagio ambayo kazi yake ilikuwa kuoka biscotto kwa ajili ya vyombo vya vita. Wapiga makasia hawawezi kupiga makasia na njaa, na pwani ya adui hakuna duka. Kutoka enzi za namna hiyo Waitaliano wamebaki na msemo mmoja ninaoupenda sana: imbarcarsi senza biscotto, kupanda chombo bila biskuti. Husemwa juu ya mtu anayeingia katika jambo kubwa bila kujiandaa, anayeoa bila chumba, anayefungua duka bila mtaji. Mzee wa Lamu angesema huyo kasafiri bila masurufu. Sikiliza lakini hicho Waitaliano walichokichagua kuwa mfano wa masurufu. Hawakusema maji, hawakusema fedha.

Basi tumfikie mpishi wako. Anasema neno lilishuka na Vasco da Gama, na kwa upande wa chakula chenyewe nampa haki yake. Merikebu za Kireno zilizotia nanga Malindi Aprili 1498 zilibeba mkate huu, wakiuita biscoito. Haungekosekana, kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine ya kulisha mabaharia miezi tisa baharini. Ng'ambo ya mto Tejo, mkabala na Lisbon, pale Vale de Zebro, wafalme wa Ureno walikuwa na matanuri makubwa ya kuoka biscoito za meli. Kwa hiyo biskuti ilifika Malindi zamani kuliko ngome yoyote ya Mreno katika pwani hii. Hilo mpishi alichukue.

Neno lakini ni kesi nyingine. Tazama Kireno kilipoingia kwetu kiliacha alama gani. Copo ikawa kopo. Lenço ikawa leso. Vinho ikawa mvinyo. Ile o ya mwisho haikutupwa, ilibaki mahali pake. Bandeira nayo ikawa bendera: sauti mbili za katikati, e na i, zikabanwa zikawa moja. Kwa mwendo huo biscoito ingetupatia biskoto au kitu cha jirani yake. Hatuna biskoto. Tuna biskuti, yenye i mwishoni, na hiyo i ni nembo ya forodha ya Kiingereza. Shati, koti, tikiti, pakiti, blanketi, geti: kila neno la Kiingereza lililokuja limeishia na t kavu, Mswahili kalipachika i ili lipate kusimama. Biskuti imo katika foleni hiyo.

Hapo ungeniuliza, na ungekuwa umeuliza vizuri: kama tumelisikia kwa Mwingereza, mbona si biskiti? Maana Mwingereza hutamka "biskit", na kwa tikiti na pakiti tumefuata sikio. U yetu imetoka wapi? Kuna njia mbili. Ya kwanza ni macho: debe lina maandishi, maandishi yana u, msomaji wa Kiswahili huisoma kila herufi anayoiona. Ya pili ni duka. Biskuti haikuuzwa na Mwingereza mwenyewe, iliuzwa na Mhindi, na Wahindi wengi husema biskut, kwa u iliyo wazi kabisa. Mimi naegemea duka. Watu waliisikia biskuti kaunta, wakiinunua kwa senti, kabla wengi wao hawajaisoma popote, na neno la chakula hufuata mdomo wa muuzaji. Huu ni uamuzi wangu wa kitaalamu, si hati ya mahakama, lakini sikio langu linanipeleka huko.

Na hiyo u kwenye maandishi ya Kiingereza ina kisa chake. Kwa karne kadhaa, tangu ya 16 hadi ya 18, Waingereza waliliandika neno hili bisket, kama wanavyolitamka. Baadaye wakaona umbo la Kifaransa, biscuit, lina mvuto zaidi kwenye karatasi, wakalivaa, huku ulimi ukibaki palepale. Wenyewe walilipata kutoka Kifaransa cha kale, bescuit, na limekuwa Uingereza tangu karne ya 14.

Kwa hiyo mwambie tajiri: biskuti si binti wa biscotto. Ni binamu. Babu ni mmoja, yule biscoctus wa Kilatini. Mtoto mmoja wa babu alibaki Italia akaitwa biscotto. Mwingine alikwenda Ufaransa akaitwa bescuit, akavuka maji kwenda Uingereza, akapanda meli kwenda Bombay na Mombasa, akafika kwenu akiwa biskuti. Wa tatu alikwenda Ureno akawa biscoito. Sasa binamu wawili wamekutana kwenye meza moja Malindi na hawajuani. Wewe ndiye unayewatambulisha.

Twende kwa Wamarekani na sahani wanazozirudisha. Katika Kiitaliano cha leo biscotto ni biskuti yoyote: ya mviringo, ya siagi, ya paketi, ya kuchovya kwenye maziwa asubuhi, hata kama imeingia tanurini mara moja tu na kutoka. Ile hesabu ya "mara mbili" imefutika katika jina. Waitaliano wako hawakosei wanapoita hivyo biskuti za dukani. Kama unataka kuiona maana ya zamani ikiwa hai, itafute kwenye kitenzi biscottare, kukausha tena motoni, na kwenye fette biscottate, vile vipande vya mkate mkavu ambavyo Mwitaliano hupaka jamu asubuhi. Huko kusini, Puglia, wana friselle, mkate wa duara uliopasuliwa na kuokwa tena, mgumu hata ukautia maji kwanza ndipo uutandazie nyanya na mafuta ya zeituni. Hizo ndizo ndugu halisi za mkate wa merikebu, na zimebakia kuwa chakula cha mtu anayefanya kazi.

Ile ngumu ya lozi ina jina lake: cantucci, au cantuccini zikiwa ndogo. Kwao ni Tuscany, na hasa mji wa Prato, kilomita chache kutoka Florence. Cantuccio ni kipembe, kikona, na pia ni kile kipande cha pembeni cha mkate chenye ganda ambacho watoto hugombania. Neno hilo lilipata kuingia katika kamusi ya Accademia della Crusca mwaka 1691, likaelezwa kuwa ni biscotto ya vipande, ya unga safi, yenye sukari na ute mweupe wa yai. Lozi hazikutajwa. Nitakuibia dakika moja kuhusu chuo hicho, maana ni mojawapo ya furaha za kazi yangu. Kilianzishwa Florence katika miaka ya 1580 na wasomi waliotaka kukipepeta Kiitaliano, wakajiita Crusca, ambayo maana yake ni pumba. Nembo yao ni chombo cha kuchekechea unga. Kamusi yao ya kwanza ilitoka 1612. Kwa hiyo maelezo ya awali ya mkate huu mtamu yameandikwa na watu waliojiita Pumba, kazi yao kutenga pumba na unga.

Cantucci jinsi tunavyozijua leo zinamhusu sana Antonio Mattei, mwokaji aliyefungua duka Prato mwaka 1858 na kuzipeleka biskuti zake kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1867. Duka lipo mpaka leo. Kwake ni unga, sukari, mayai, lozi na mbegu za msonobari, bila siagi. Unga unafinyangwa mfano wa mchi mnene, unaokwa, unatolewa ungali moto na kukatwa mshazari kwa kisu kikali, ndipo unapata yale maumbo marefu yenye ncha. Mapishi mengi ya nyumbani huvilaza vipande tena tanurini, moto mdogo, dakika kumi na zaidi, na hapo jina na kitendo vinakutana upya. Lozi usizimenye. Ganda lake la kahawia ndilo linaloleta ule uchungu mdogo unaoshindana na sukari. Watu wa Tuscany huzichovya katika vin santo, divai tamu ya zabibu zilizoanikwa. Kwenye chai ya tangawizi nazo zinakwenda, nimejaribu, wala sioni kwa nini tuombe ruhusa Prato.

Mmarekani basi amefanya nini? Alikutana na aina moja tu ya biscotto, hii ya Tuscany, akiila na kahawa, akadhani jina la kabila zima ni jina la mtu huyo mmoja. Tena akalichukua katika wingi. Kwa Kiitaliano moja ni biscotto, nyingi ni biscotti. Mmarekani husema biscotti moja, na akizidisha anaongeza s yake juu ya wingi uliokwisha kuwepo. Usimcheke. Sisi tulimsikia Mwingereza akitaja zile za miguuni mbili pamoja, na s yake ya wingi, tukaibeba s tukaweka i juu yake, na leo tunasema soksi moja bila aibu. Chipsi nazo ni hivyohivyo. Neno linapohama nyumba, wingi wake wa zamani huwa ni tandiko tu la safari.

Na tukisema kuhama, tazama lilivyotawanyika. Nchini Hispania bizcocho leo ni keki laini iliyovimba, kinyume kabisa cha mkate wa merikebu. Kusini mwa Marekani biscuit ni kimkate laini cha moto kinacholiwa na mchuzi mzito. Uingereza biscuit ni ile mliyo nayo dukani. Katika ufinyanzi, chombo kilichochomwa mara ya kwanza kabla ya kupakwa rangi ya kung'aa huitwa biskuti, kwa Kiitaliano biscotto, kwa Kifaransa biscuit. Hapo maana imepinduka kichwa chini, kwani jina la kilichopita motoni mara mbili limepewa kilichopita mara moja na kinangoja ya pili. Kama mgahawa wenu una tanuri la kuni la piza, uliza sakafu yake ni ya nini. Naples sakafu hiyo ya vigae vya udongo huitwa biscotto, na ile ya udongo wa Sorrento ndiyo inayosifiwa. Udongo huo unatoa joto taratibu, kwa hiyo hata tanuri likiwa na moto mkali sana, tako la piza haliungui kabla ya jibini kuyeyuka. Mwenye tanuri akisema "biscotto imepasuka", usilete nyingine kutoka jikoni. Tafuta fundi.

Sasa mzee wako. Katika mpira wa Italia biscotto ni matokeo yanayozifaa timu zote mbili zilizo uwanjani na kumtoa wa tatu asiyekuwepo. Si lazima pawe na fedha, si lazima watu wakae kikao. Timu mbili zinajua kwamba sare fulani inazivusha zote, na ghafla hakuna anayepiga shuti la hasira. Waitaliano wenyewe huelezea asili yake kwa mbio za farasi: farasi alilishwa biskuti iliyotiwa dawa ili akimbie zaidi au apungue, kulingana na aliyeweka pesa. Kutoka zizini neno likahamia uwanjani.

Donda lililowafanya walikumbuke daima ni la tarehe 22 Juni 2004, Kombe la Ulaya kule Ureno. Italia, Denmark na Sweden zilikuwa kundi C, na Italia ilikuwa imetoka sare na wenzake hao wawili: Denmark 0-0, Sweden 1-1. Siku ya mwisho Italia ilicheza na Bulgaria, na mjini Porto wenzao wawili wa Skandinavia wakakutana. Hesabu ilikuwa wazi tangu siku kadhaa kabla: Denmark na Sweden zikitoka sare ya 2-2, basi, Italia nje hata ikishinda. Magazeti ya Italia yalilia biscotto kabla ya filimbi ya kwanza. Na ikawa 2-2. Jon Dahl Tomasson aliifungia Denmark mabao yote mawili, Henrik Larsson akafunga la kwanza la Sweden kwa penalti, na katika dakika ya 89 Mattias Jonson akasawazisha. Kwingineko Antonio Cassano aliifungia Italia bao la 2-1 katika dakika za nyongeza, akakimbia akishangilia, kisha akapata habari. Timu zote tatu zilimaliza na pointi tano. Katika mechi zao wenyewe kwa wenyewe, ambazo ndizo zilizoamua, Sweden ilikuwa na mabao matatu, Denmark mawili, Italia moja.

Hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba matokeo yale yalipangwa, na mimi niliyeitazama mechi ile sikuona timu iliyokuwa ikicheza mchezo wa kuigiza. Bao la kwanza la Tomasson halikuwa la mtu aliyelala. Lakini ukimwambia hivyo Mwitaliano wa umri wa mzee wako, andaa muda. Ukisikia tena siku za mwisho za makundi, timu mbili zikipasiana mpira katikati ya uwanja na mzee akapiga meza, ujue anasema wameuza. Na ikiwa mwaka fulani timu za kwetu zitatoka sare ya kuchukiza inayomtupa jirani nje, neno mnalo sasa, nalo linakubali viambishi vizuri: wamepika biskuti.

Ubaoni pa mgahawa, kama tajiri ataniskia, ile ya lozi iandikwe cantucci, na chini yake kwa Kiswahili: biskuti ngumu za lozi, za kuchovya. Zile za paketi ziitwe biskuti tu. Mmarekani ataelewa kwa neno ngumu ukimtafsiria, na Mwitaliano wa Prato atafurahi kuona jina la kwao limeandikwa sawasawa, kwa c mbili kabla ya i. Mzee wa mpira mpelekee kahawa fupi, isiyo na sukari, na usiweke chochote pembeni ya sahani mpaka mechi iishe.